Juma Moja Katika Kilasi ya 7, Likasi

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kolwezi, utaenda kilometa 120 hivi na utafika Likasi, mji ambao wazee waliuita Jadotville. Hapa kila nyumba inajua shaba. Baba alifanya kazi Gécamines, kaka anachimba, mama anapika bukari ya wachimbaji. Lakini watu wangapi wanaweza kueleza shaba ni kitu gani? Basi njoo tukae pamoja juma moja katika kilasi ya 7 ya masomo moja ya Waprotestanti, tusikilize Kiingereza na sayansi. Sogea kidogo kwenye banki, maana watoto ni zaidi ya 50. Kitabu ni kimoja tu, nacho ni cha mwalimu.

Jumatatu ni Kiingereza. Mwalimu anaweka mezani musumari, kipande cha waya na jibwe la kijani. Anaandika kwenye ubao neno la chuma: iron. Watoto wanasoma «ironi», naye anacheka. «Hapana. Tunasema ayoni.» Kiswahili chetu ni rafiki: unavyoandika, ndivyo unavyosoma. Kiingereza hakina huruma hiyo, kinataka sikio pamoja na jicho. Kisha anaandika neno la shaba, copper, na kuuliza linatoka wapi. Hakuna anayejua. Linatoka kwa jina la kisiwa cha Kipro, ambako Warumi walipata shaba yao. Ni kile kisiwa cha kwao Barnaba (Matendo 4:36). Hata neno la Kifaransa, cuivre, lilizaliwa huko. Watoto waliomjua Barnaba tangu masomo ya Jumapili wakafurahi kumkuta ndani ya waya wa umeme!

Utauliza, Kiingereza ni cha nini kwetu? Ukipita Kasumbalesa tu, uko Zambia, na karatasi za serikali kule ni za Kiingereza. Malori yanayopita hapa yanabeba maandiko ya lugha hiyo. Weka jambo hili moyoni, utaona Alhamisi.

Jumanne ni sayansi. Lile jibwe la kijani linaitwa malakiti. Mwalimu analiponda mpaka unga, anautia katika kopo la kioo, anakamua ndimu juu yake. Mapovu yanapanda. Mutoto mmoja analia kwa sauti: «Mwalimu, hii jibwe iko napumua!»

«Haipumue, mwana. Kuna hewa ilifungwa ndani yake, ndimu njo inaifungua. Ni hewa ileile tunatoshaka mu kinywa.»

Maji yakageuka rangi ya buluu na kijani. Mwalimu akasugua musumari ukang'aa, akauzamisha humo, akafunika kopo. Jumatano asubuhi watoto walifika mapema kuliko kengele. Musumari ulikuwa umevaa nguo nyekundu. Ni shaba! Ndimu iliitoa katika jibwe, na chuma kiliivuta kutoka majini. Kiwandani wanafanya karibu vilevile: asidi kali inayeyusha shaba, kisha nguvu ya umeme inaivuta. Mababu zetu nao walikuwa na njia yao. Walichoma mawe kwa makala katika matanuru ya udongo, wakamimina shaba katika umbo la msalaba, wakafanya nayo biashara. Misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Elimu hii si ya wageni, msomaji wangu. Watoto wetu wanaokota kitu cha babu zao.

Alhamisi, Kiingereza tena. Mwalimu anaandika maneno matatu: danger, poison, acid. Ni hatari, sumu, asidi. Anachora alama inayowekwa kwenye mapipa: mkono unaodondokewa na maji yanayokula ngozi. Anawaambia asidi ya kiwanda si ndimu, inachoma macho na tumbo. Basi binti mmoja wa nyuma akasimama.

«Mwalimu, ile mukono iko ku bidon yetu ya mayi.»

Kilasi chote kikanyamaza.

Mchana tulimfuata binti, mwalimu na mimi. Bidon la buluu lilikuwa mlangoni, limejaa. Mama alilinunua sokoni siku ileile, kwa bei nzuri. Alama ilikuwa ubavuni, na neno la Kiingereza chini yake.

«Baba Pasta, nililisafisha na sabuni mara tatu,» mama akasema.

«Mama, plastiki inakunywaka kile inabeba,» mwalimu akajibu. «Sabuni haitoshi.»

«Na franka yangu? Ule muuzaji hatanirudishia.»

Hatukuwa na jibu. Mama akamtazama mutoto wake mdogo aliyekuwa akicheza na kikombe. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akalimwaga yeye mwenyewe, mbali na shamba la lengalenga. Halafu akamwomba mwalimu alitoboe, ili asilione jirani mwingine akalichukua. Binti alikimbia kuleta musumari.

Ijumaa mwalimu aliita majina. Watoto saba hawakuitika. Wenzao walijua: wamekwenda mtoni kuosha mawe, maana malipo ya mwezi yalidaiwa juma lile. Masomo ya msingi ya serikali yaliachwa bila malipo tangu 2019, lakini mzigo wa kilasi ya 7 ulibaki kwa wazazi. Nikawaza hivi: Congo yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, ile ya betri za telefoni na magari. Na watoto walio karibu zaidi na vumbi lake na mapipa yake ndio waliokosa maneno ya Alhamisi.

Mzazi, kama franka zimepungua, usimtume mutoto mtoni. Nenda kwa mkubwa wa masomo, mwombe kulipa kidogo kidogo. Ukiona haya, mwite shemasi aende nawe. Wazee wa kanisa, ulizeni Jumapili: ni mutoto gani hakusoma juma hili? Na jioni, kabla ya maombi, mwulize mwanao neno moja alilojifunza. Kisha angalieni pamoja mabidon ya nyumba yenu.

Soma Kumbukumbu la Torati 8:9, uone kwamba nchi yenye shaba vilimani ni zawadi ya Mungu. Soma na Hosea 4:6, uone linalowapata watu wakikosa maarifa. Sisi tumepewa ile ya kwanza. Tusikubali ya pili iwakute watoto wetu.

Bwana awabariki katika nyumba zenu.