Nyumba Yenye Magurudumu Kando ya Mto Wye

Katika nchi ya Uingereza wako watu wengi ambao, wapatapo livu yao ya mwaka, hawaendi hotelini wala kwa jamaa zao. Hufunga nyuma ya motokaa nyumba ndogo yenye magurudumu, iitwayo karavani, wakashika njia. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni msafara. Lakini msafara huu hauna wapagazi wala ngoma. Ndani yake mna vitanda, meza, jiko la gesi na tangi la maji. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kutengenezewa nyumba ya namna hii kwa ajili ya matembezi tu ni Dk. William Gordon Stables, mwaka 1885. Yake ilikokotwa na farasi wawili.

Karavani si chombo cha mwenye haraka. Katika barabara za kawaida sheria hairuhusu gari linaloikokota kupita maili 50 kwa saa, na katika vijia vya mashamba, vyenye ua wa miti kila upande, hata maili 15 ni nyingi. Kwa hiyo safari iliyo njema kwake ni ile ya kufuata mto, na miongoni mwa mito ipendwayo sana ni Wye, wenye urefu wa maili 155, ambao sehemu zake nyingine ni mpaka wa Wales na England.

Mto huu huanza katika mlima wa Plynlimon, katikati ya Wales, mahali penye baridi, majani ya kinamasi na kondoo. Mlima huo huo ndio uzaao Severn, mto mrefu kuliko yote ya kisiwa kile. Wenyeji husimulia kwamba hapo kale walikuwako ndugu watatu wa kike, wakashauriana jinsi ya kwenda baharini. Rheidol akashika njia ya mkato kuelekea magharibi. Severn akapenda kupita mijini. Wye akasema atapita penye nchi nzuri tu, hata akichelewa. Mwenye karavani humfuata huyu aliyechelewa.

Karibu na mji mdogo wa Rhayader, mto Elan huingia katika Wye. Huko juu yako mabwawa makubwa, yaliyofunguliwa na Mfalme Edward wa Saba mwaka 1904, ili mji wa Birmingham upate maji safi. Maji hayo hayasukumwi kwa mashine. Mfereji wake, wenye urefu wa maili 73, huteremka kidogo kidogo tu, hata maji huchukua siku moja na nusu kufika mjini. Ni kazi ya ajabu. Lakini watu wapatao 100 walihamishwa ili ifanyike, na waliolipwa fidia ni wenye ardhi peke yao. Mgeni hutazama maji yaliyotulia, asijue kwamba chini yake zilikuwako nyumba za wakulima, shule na kanisa.

Jioni karavani hutafuta mahali pa kulala, na mara nyingi mahali hapo ni shamba la mtu. Tangu sheria ya mwaka 1960, vyama vya wenye karavani vilivyokubaliwa na serikali vinaweza kumpa mkulima ruhusa ya kupokea karavani zisizozidi tano. Mkulima hutoa konde lenye majani mafupi, bomba la maji na mahali pa kumwaga uchafu, naye hupata fedha bila kulima. Mgeni naye huamshwa na sauti za ng'ombe.

Ukishuka mto hufika Hay, mji mdogo uliojulikana duniani kwa vitabu vilivyokwisha kusomwa. Richard Booth alifungua duka lake hapo mwaka 1962, wengine wakamwiga. Baada ya Hay milima hurudi nyuma, bonde hupanuka, na udongo huwa mwekundu kama ule aujuao mkulima wa Kiambu. Hii ndiyo nchi ya Hereford, yenye mashamba ya matofaa na ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe. Kitabu cha kuandikia nasaba zao kilianza mwaka 1846. Sifa yao ni kunenepa vizuri kwa majani, nao wameenea Marekani, Argentina na Australia. Katika kanisa kuu la Hereford iko ramani ya dunia iliyochorwa karibu na mwaka 1300 juu ya ngozi moja ya ndama. Mashariki iko juu, na Yerusalemu iko katikati.

Lakini mto wenyewe ni mgonjwa. Zamani Wye ulisifiwa kwa samaki aitwaye samoni. Mwaka 1923 mwanamke mmoja, Doreen Davey, alivua mmoja mwenye uzito wa ratili 59 na nusu. Siku hizi samoni wamepungua sana. Miongoni mwa sababu za ugonjwa huo ni mbolea. Katika nchi inayomwaga maji yake mtoni hufugwa kuku wanaokadiriwa kuwa milioni 20, na samadi yao ina fosfati nyingi. Ikitiwa shambani kupita mahitaji ya udongo, mvua huichukua. Maji machafu ya mijini nayo huongeza yake. Ndipo wakati wa jua kali miani ya kijani huota kwa wingi, maji yakawa kama mchuzi wa mboga, na majani ya mtoni yenye maua meupe, ambamo samaki wadogo hujificha, yakafa kwa kukosa mwanga. Mwaka 2023 idara ya serikali inayolinda viumbe ilitangaza kwamba hali ya mto ni mbaya na inazidi kuharibika.

Wakulima wenyewe wamegawanyika. Mwenye kuku husema kwamba watu wanataka nyama ya bei rahisi, naye ana deni la banda la kulipa. Mwenye kukodisha mitumbwi husema kwamba hakuna mgeni atakayelipa ili apige kasia katika maji ya kijani. Wote wawili husema kweli, na wote hutegemea mto mmoja. Wengine wameanza kusafirisha samadi mbali, kwenye mashamba yenye upungufu, na kupanda miti kandokando ya maji.

Katika mji wa Ross huheshimiwa hata leo John Kyrle, aliyekufa mwaka 1724, ambaye alitumia mali yake kuwapatia wenyeji maji na bustani ya kupumzikia. Mbele yake, penye mwamba wa Symonds Yat, mto hujipinda kama nyoka, na kivuko huvutwa kwa mkono juu ya kamba, kama vile vivuko ambavyo watu wa mto Tana wamevizoea. Kisha huja Tintern, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1131 na kufungwa mwaka 1536. Risasi ya paa lake iling'olewa, na sasa kuta ndefu zimesimama, anga ikiwa ndiyo dari.

Mwisho ni Chepstow, yenye ngome iliyoanzwa mwaka 1067. Hapo maji ya bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya futi 40, na Wye humkuta tena ndugu yake Severn. Mwenye karavani hugeuza gari lake arudi kazini. Yote ambayo mto umepewa njiani, mema na mabaya, tangu lile konde alilolala usiku wa kwanza, huingia baharini pamoja nao.