Gogo Lililozunguka Kambini

Kambi zetu za majani chai, huku Kericho na upande wa Bomet, hazikuwa na bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao na muziki. Tulikuwa na gogo. Miaka ya sabini, mvua ya alasiri ikishakatika, hapo ndipo tulipokutana sisi watoto wa wachuma chai: Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Waluhya, tukigombania zamu kwa Kiswahili cha kambini.

Lilichongwa na mzee seremala, jirani yetu. Nguzo ya kulibeba aliikata kwenye mzeituni wa porini, mti usiooza upesi, akaichimbia chini ikabaki kimo cha kiuno. Kichwa chake alikichonga kwa shoka, kisha akakikwangua kwa kigae cha chupa hadi kikawa laini kama yai. Gogo lenyewe lilikuwa la mkaratusi, mti uleule unaopandwa kwa ajili ya kuni za kukaushia chai viwandani.

Ufundi ulikuwa katika kutafuta katikati. Mzee hakupima kwa futi, kwa sababu upande wa shina ni mzito kuliko upande wa ncha. Aliliweka gogo juu ya jiwe, akalisogeza na kulisogeza hadi likatulia bila kuinama, ndipo akatia alama. Tundu alilichoma kwa chuma chekundu, pole pole, asilitoboe upande wa pili, maji ya mvua yasije yakaingia. Akamalizia kwa oili chafu ya trekta, akalipachika gogo juu ya kichwa cha nguzo. Wawili wakalala kifudifudi huku na huku, sisi wengine tukasukuma, na gogo likalia kwa sauti iliyosikika hadi kambi ya pili.

Mzee alipostaafu na kurudi kwao, gogo lilipasuliwa kuni. Hakuna aliyelipiga hata picha.

Wenzetu wamevitunza vya kwao. Huko Hanau, Ujerumani, kuna bembea ya farasi iliyojengwa mwaka 1780. Ilikarabatiwa kwa miaka mingi, ikaanza kuzunguka tena mwaka 2016. Marekani, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, kuna nyingine ya mwaka 1876. Mwaka 1986 taasisi ya uhifadhi ya kisiwani iliinunua, farasi wake wasije wakauzwa mmoja mmoja. Nami nasema gogo letu lilistahili heshima hiyohiyo. Aliyelichonga alijua mbao, uzito na msuguano bila kusomea popote, na ujuzi huo ni sehemu ya historia ya chai kama zilivyo nyumba za mameneja na mitambo ya kiwandani.

Sasa mashine za kuchuma chai zimechukua kazi ya mikono mingi, na watu waliolelewa kambini wametawanyika. Maseremala wa rika lile wamebaki wachache.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho ya kaunti na viwanja vya burudani. Basi naziomba serikali za Kericho na Bomet ziwatafute wazee hawa wangali na nguvu za kushika shoka, wachonge gogo moja huku vijana wakiwatazama na kurekodi kila hatua, kisha lisimamishwe mahali ambapo watoto wataruhusiwa kulipanda. Gharama yake ni miti miwili, oili kidogo na ujira wa fundi.