Namba Nzuri za Mjomba

Mimi ndiye niliyemwambia mjomba asihangaike tena na kliniki. Si daktari, si nesi, si mfamasia. Nauza vipuri vya pikipiki Mbagala. Lakini nilikuwa na saa.

Mjomba anaishi ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Salale, kwenye mikoko, ambako huendi popote kabla ya kuyaangalia maji. Kupima presha na kuchukua vidonge kulimmalizia siku: boti hadi Nyamisati, pikipiki hadi Bungu, gari hadi Kibiti, na akirudi akakuta maji yamekupwa, analala njiani. Kipindi cha kuamia mpunga ndiyo kabisa. Akishuka tu kwenye dungu, ndege na nguruwe wanamaliza shamba. Kwa hiyo nilipoona saa ya mkononi inayodai kusoma presha usiku na mchana, bila ule mkanda wa kujazwa upepo, niliona shida ya mjomba imekwisha. Bei yake ilizidi mara mbili ya mashine ya kawaida ya mkanda. Nikaona ndiyo uzuri wenyewe.

Saa za namna hii zinamulika taa ya kijani kwenye ngozi. Damu inavyopita kwa kila pigo la moyo, mwanga unaorudi unapungua na kuongezeka, na programu inasoma umbo la wimbi hilo kisha inakadiria presha. Nyingine huomba kwanza kipimo cha mkanda, zipate pa kuanzia. Yangu iliomba. Nikaingia duka la dawa, nikakunja shati, nikafungwa mkanda mara tatu, namba nikaziingiza kwenye simu yangu ya zamani kama nilivyoelekezwa. 122 kwa 78. Saa na simu nikampelekea mzee.

Tangu hapo, kila mtandao ulipokubali, alinipigia: "Mjomba, leo mia na ishirini na nne, kwa themanini." Namba nikazitupia kwenye grupu la ukoo. Wakaanza kuniita daktari, nami nikaitika. Vidonge vilipokaribia kumwishia, aliniuliza afunge safari au asubiri. Nilimwambia asubiri. Baadaye akauliza tena. Nilimwambia hana haja.

Kiharusi kilimkuta akivuta kamba ya boti.

Nilipofika wodini, nesi alikuwa anaandika 184 kwa 108. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba mashine yake huenda ina hitilafu. Nikamwonyesha saa, bado iko mkononi mwa mjomba: 125 kwa 79. Hakubishana. Alileta mashine nyingine, ile ya pampu ya mpira na kusikiliza kwa masikio, akapima upya: 182 kwa 110. Ndipo akauliza, "Kaka, siku ya kuiandaa hii saa, aliyefungwa mkanda ni nani?"

Nilifungua mdomo nijibu, jibu likanikwama. Nilijiona pale duka la dawa, shati limekunjwa. Mkono ulikuwa wangu. Saa haikuwahi kuambiwa kwamba imehamia kwa mtu mwingine. Iliendelea kuhesabu kuanzia presha ya kijana mzima, ikiongeza mbili, ikipunguza tatu, huku imevaliwa na mzee mwenye presha ya miaka mingi. Zile namba ambazo mashangazi walikuwa wakizijibu kwa alhamdulillahi zilikuwa zangu.

Labda wewe ungekumbuka kumfunga mkanda mzee mwenyewe. Hata hivyo, karatasi ya ndani ya boksi, ambayo niliisoma kwa mara ya kwanza baada ya kutoka wodini, ilitaka kipimo cha mkanda kirudiwe kila baada ya wiki nne. Yaani saa niliyoinunua ili tuukwepe mkanda ilikuwa inahitaji mkanda. Na mwaka 2022 Chama cha Shinikizo la Damu cha Ulaya kilishauri vifaa visivyo na mkanda visitumike kutambua ugonjwa wala kuamua dawa. Ningeweza kuyasoma hayo. Bando langu liliishia kwenye video za kuisifu saa. Huko Marekani iliwahi kuuzwa programu ya simu ya kupima presha, mwaka 2014 na 2015. Watafiti walipoijaribu, karibu wanane katika kila kumi wenye presha ya juu iliwaambia wako sawa. Kifaa kinachokwambia uko sawa hakikosi mnunuzi. Mimi nilinunua.

Mkono wa kushoto wa mjomba haushiki sawasawa. Ameuza sehemu yake ya boti, na mpunga anaamia kijana wa kulipwa. Vidonge anameza kila siku. Mashine ya mkanda anayo nyumbani, na mhudumu wa zahanati ameilinganisha na ya kwake.

Saa amekataa kunirudishia; anasema inatunza majira vizuri. Akinipigia, baada ya salamu, ananisomea: "Mjomba, leo presha yako nzuri kabisa."