Likizo hupimwa siku za mwisho

Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Hata likizo ya pwani, ambayo watoto huingojea mwaka mzima wakihesabu siku kwa vidole, ina ncha yake. Je, msomaji, umewahi kuchunguza mambo yanavyokuwa ncha hiyo inapokaribia? Siku ya kwanza kila mtu hukimbilia majini. Siku ya nane mifuko imetoboka, mwenyeji amechoka, na yale mliyoyaacha nyumbani bila kuyamaliza yanaanza kubisha hodi.

Sisi ni watu wa Githongo, Imenti ya Kati, huko Meru. Kwetu ni kwa majani chai na baridi. Ukungu wa Julai ukitanda, mzee mwenye magoti mabovu hatoki jikoni. Kwa hivyo Krismasi ya 2024 ilipopita, tukateremka Mombasa, mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama yangu mzee ambaye alikuwa hajaiona bahari maishani mwake. Tulifikia kwa mdogo wangu, anayeishi Kisauni na jamaa yake.

Niianze habari ya pesa, maana ndiyo huvuruga likizo nyingi. Nauli ya kurudi ikatwe kabla hujaonja dafu la kwanza. Gari la moshi la kisasa, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, lilipandisha nauli ya daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na baada ya Krismasi nafasi hujaa upesi. Ukifika Nairobi, bado una safari ndefu hadi Meru. Juu ya hayo, shule zilikuwa zikitungoja Januari, na kijana wetu mkubwa alikuwa akiingia Gredi ya 9, kundi la kwanza kabisa nchini. Sare, vitabu, karo. Wewe mzazi unajua.

Lakini usidhani kwamba mfuko ukikauka starehe nayo imekwisha. La hasha! Kivuko cha Likoni hakimtozi mtu anayekwenda kwa miguu hata senti moja, na watoto wetu walivuka na kurudi mara tatu siku moja, wakitazama meli kubwa zikiingia bandarini. Jioni tulikwenda Mama Ngina, tukanunua kachiri na viazi karai vya kugawana. Asubuhi nyingine tuliizunguka Fort Jesus kwa nje. Niliwaeleza watoto kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na kwamba Waarabu wa Oman waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Somo hilo halikunigharimu kitu.

Jambo la pili ni mwenyeji. Mombasa ina bahari kila upande, lakini katika mitaa mingi maji ya matumizi hununuliwa kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Watu sita wakioga mara mbili kwa siku kwa sababu ya joto, hesabu yake ni nzito. Shemeji hakusema neno. Hata hivyo, mke wangu alimwona akiipima mitungi kwa macho, na kuanzia siku hiyo tukawa sisi ndio wanunuzi wa maji. Mgeni mwema haambiwi, huona mwenyewe.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike. Siku tatu kabla ya kuondoka, mdogo wangu alitoa pendekezo: mama abaki Mombasa. Alisema, na ni kweli, kwamba tangu afike magoti hayajamsumbua na kikohozi kimenyamaza. Watoto wangu wakalia, wa kwake wakashangilia. Mimi nilijiuliza ni nani atakayewasimamia wachumaji chai, na papo hapo nikaona kwamba swali hilo lilikuwa langu, si la mama. Mama mwenyewe alikuwa hajaulizwa.

Tarehe 2 Januari, kabla ya adhuhuri, tulimpeleka ufuoni. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, kwa hivyo ilikuwa bamvua, wakati ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Bahari ilikuwa imerudi mbali, na watu walitembea kwa miguu mahali palipokuwa na mawimbi alfajiri. Mama alisimama akiitazama ile nchi kavu, kisha akasema, "Kumbe ndivyo walivyovuka."

Yafaa ujue, msomaji, kwamba Wameru wana masimulizi ya kale kuhusu Mbwaa, kisiwa cha pwani walikotoka. Husimuliwa kwamba huko walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntuune, hata wakatoroka usiku, na maji yakagawanyika mbele yao. Wanahistoria wameijadili sana habari hii, na baadhi yao huihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Mama aliisikia utotoni kutoka kwa nyanya yake, lakini hakuwahi kuona maji yakiondoka na kurudi.

Hapo ndipo tulipomwuliza anataka nini. Alimjibu mdogo wangu kwa upole: "Mwanangu, hapa mwili wangu umepumzika. Lakini huku mimi ni mama ya fulani tu. Githongo nina jina langu, nina wenzangu wa kanisani, na kaburi la baba yenu liko mlangoni. Wazee wetu waliondoka pwani usiku bila kuaga. Mimi nitaaga mchana, ili nipate kurudi."

Basi tukaketi tukapatana kama ndugu. Kila mwaka mama atashuka Mombasa mwezi wa Julai, baridi inapomwuma zaidi, na akae hadi Agosti. Mdogo wangu atalipa nauli ya kuja, nami ya kurudi. Majani chai nitayasimamia mimi.

Msomaji mpenzi, mashauri mengi ya jamaa hukwama kwa sababu ndugu huonana mazishini tu, na mazishini hakuna nafasi. Likizo inayo. Kwa hivyo usizijaze siku mbili za mwisho kwa kuzunguka madukani ukitafuta zawadi na kanga. Ziache wazi. Kaa na mwenyeji wako mzungumze, na kama mna mzee, mwulizeni yeye mwenyewe kabla hamjampangia maisha. Na uondoke ungali unapendwa, ili mwakani ukibisha mlango ufunguliwe kwa furaha.