Daraja Lenye Jina la Kihispania

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, ipo mitihani inayomdai mwanafunzi aiache asili yake mlangoni kabla ya kuketi darasani. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi katika vyuo vya jamii vya California, Marekani. Hivi ni vyuo vya miaka miwili, vyenye karo nafuu, ambavyo mwana wa kibarua wa shambani huvitumia kama ngazi ya kupandia chuo kikuu. Aliyelelewa kwa Kihispania aghalabu alitahiniwa kwa Kiingereza, kisha akapelekwa katika kozi za kufidia upungufu. Kozi hizo zilimlia muda na fedha, ilhali hazikuhesabiwa katika shahada. Wengi walichoka njiani.

Mnamo 1981, katika Chuo cha Chabot mjini Hayward, mwalimu wa Kiingereza Patricia McGrath na mshauri Felix Galaviz walianzisha mradi wa Puente, neno la Kihispania lenye maana ya daraja. Nguzo zake zilikuwa tatu: uandishi, ushauri na mlezi kutoka jamii ya mwanafunzi mwenyewe. Darasani zilisomwa kazi za waandishi wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Yale ambayo mtihani uliyaona kuwa upungufu yakageuka mtaji wa insha.

Je, fasihi pekee yatosha? La hasha! Penye nia pana njia, lakini njia yenyewe huhitaji nauli. Mwaka wa 2007, Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango wa ASAP katika vyuo vyake vya jamii. Mwanafunzi alilipiwa pengo la karo, vitabu na nauli, akapewa mshauri wa karibu, mradi asome kwa muda kamili. Shirika la MDRC lilipowalinganisha wanafunzi wa kipato cha chini waliogawanywa kwa kura, takriban 40 kati ya 100 waliosaidiwa walihitimu katika miaka mitatu. Miongoni mwa wenzao, 22 tu.

Mnamo 2017, California nayo ilipitisha sheria ya kuvizuia vyuo kuwarundika wanafunzi katika kozi za kufidia. Tofauti ya 40 na 22 haikutokana na akili, kwani kura haichagui werevu. Kwa hivyo, mwalimu anayetaka kumwita mwanafunzi mzito na aulize kwanza iwapo daraja lilijengwa.