Goma: jina la mtoto lisikike redioni

Mjini Goma, fundi wa sauti wa redio moja alipokea tangazo la mama aliyekimbia vita, akimtafuta mtoto wake. Nyuma yake jenereta ilinguruma, jina halikusikika vizuri. Kwanza fundi alibana sauti yote pamoja; kila jenereta ilipopanda, mama naye alizama. Ndipo akatumia kompresa ya bendi nyingi. Akagawa sauti mafungu manne, akabana lile la chini ya hezi 200 tu, akainua kidogo la 2,000 hadi 4,000, ambamo herufi kama k na t hutofautiana. Kidogo tu, maana sauti iliyobanwa sana huchosha sikio. Akaijaribu kwenye redio ndogo ya betri, kama zile za kambini.

“Mama, sasa jina linasikika.”

Mama akaomba litajwe mara mbili.