Nilimsamehe kwa Kosa Langu

Katika likizo ya Juni 2025 nilimdanganya mdogo wangu, nyumbani kwa bibi yetu huko Ziba, wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Uongo wenyewe ulihusu gemu la kompyuta, na najua wapo watakaosema gemu si jambo la kuandikiwa maungamo. Naomba wanisikilize kwanza. Binti yule aliniomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda, machozi yakimlengalenga, nami nikamwambia nimemsamehe. Kwa miezi iliyofuata ndugu zangu walinisifu kwa upole niliouonyesha siku ile. Sifa hizo nilizipokea.

Gemu linaitwa Revenge of the Savage Planet. Lilitoka Mei 8, 2025, kazi ya studio ndogo ya Montreal, Kanada, iitwayo Raccoon Logic. Mchezaji ni mfanyakazi wa kampuni ya safari za anga za juu. Amelazwa usingizi mrefu ndani ya chombo, amesafirishwa hadi sayari ya mbali isiyo na mtu, na anapozinduka anakuta karne nzima imepita, kampuni yake imenunuliwa na kampuni nyingine, naye amefukuzwa kazi. Hana tikiti ya kurudi. Inambidi azunguke kwenye sayari zenye viumbe wa ajabu, awakague, awakamate, aokote vifaa vilivyotawanyika, ajitafutie njia ya kwenda kuwadai haki mabosi wake. Kila anapokwenda anafuatwa na kijiroboti kinachoruka kiitwacho EKO, na kazi yake kubwa ni kumdhihaki. Anapokufa, kampuni inatoa nakala yake nyingine, mpya kabisa, kazi inaendelea.

Ucheshi huo una uchungu wake, na mimi nilivutiwa na gemu baada ya kuujua. Sehemu ya kwanza, Journey to the Savage Planet, ilitoka Januari 2020 mikononi mwa Typhoon Studios. Mwezi mmoja hivi kabla haijatoka, Desemba 2019, Google ilikuwa imetangaza kuinunua studio hiyo. Februari 2021 Google ikaifunga idara yake nzima ya kutengeneza gemu. Baadhi ya waliotoka Typhoon, akiwemo Alex Hutchinson, wakaanzisha Raccoon Logic na kuiendeleza hadithi yao. Kwa hiyo waliotunga kisa cha mfanyakazi anayeamka na kukuta kampuni imebadilika mikono na yeye hatakiwi tena, walikuwa wakiyajua hayo kwa kuyaishi. Wangeweza kuandika malalamiko. Wao wakatengeneza kitu cha kuwachekesha watu wawili waliokaa kochi moja.

Wawili: hilo ndilo lililonifanya niibebe kompyuta hadi Ziba. Vibanda vya gemu vimejaa kwenye miji yetu midogo, na humo watoto hucheza mpira na ngumi, mtu dhidi ya mtu, anayefungwa anaachia pedi. Hata kazi ya Afrika Mashariki niliyoipenda sana, Nairobi X ya Andrew Kaggia iliyotoka 2015, ambamo wavamizi kutoka anga za mbali wanaishambulia Nairobi, ni ya kupiga risasi tu. Nilitamani mdogo wangu aone gemu ambalo kushinda kwako ni kushinda kwa mwenzako. Hili la Montreal linaigawa skrini vipande viwili, kila mmoja na pedi yake, sayari ni moja na safari ni moja. Na yeye, mtoto wa mama mdogo, aliyezoea kukaa nyuma ya kaka zake kibandani akisubiri zamu isiyofika, nilimkabidhi pedi siku ya kwanza kabla sijashika ya kwangu.

Juni kwetu ni pamba. Asubuhi alikuwa shambani, maana bibi alimpa kipande chake ambacho mauzo yake ni yake mwenyewe. Alirudi saa nane, vidole vimechanwa na makaka makavu, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye nywele na kwenye ukosi wa gauni. Ananawa, anakula, anakaa. Wiki ya kwanza alishika pedi kwa ncha za vidole kwa sababu ya vile vidonda, na bado alikuwa mwepesi kuliko mimi. Nakumbuka mnyama mmoja mnene tuliyehangaika kumkamata. Mimi nilimkimbiza kwa nguvu, nikapigwa mateke, nikafa, nikatolewa nakala, nikafa tena. Mdogo wangu alisimama akamtazama anavyozunguka. Kisha akaenda kumwaga ute unaoteleza kwenye njia yake, akarudi pembeni akatulia. Mnyama akaja mbio, miguu ikamponyoka, akateleza chali hadi mbele yangu. "Mtupie kamba, kaka, mtupie!" Nikamnasa. Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Maneno ya gemu yote ni Kiingereza cha haraka, kwa hiyo kila EKO alipoongea mdogo wangu aliniuliza, "Kasemaje?" nami nikamweleza. Mengine yalipoteza utamu nikiyageuza. Alicheka hivyo hivyo, akasema maroboti ya Kanada yana midomo kama makonda wa Nzega.

Mimi ni mwalimu wa historia, na ukiwa na mwalimu wa historia sebuleni, hata sayari ya kubuni itahusishwa na Tabora. Siku moja, tukiwa tumekaa tukisubiri umeme urudi, nilimsimulia habari za Burton na Speke. Walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, wakiwa na wapagazi na askari, wakiongozwa na kulishwa na watu walioijua njia hiyo tangu zamani. Walifika Ujiji pamoja, wakaugua pamoja, wakarudi Kazeh pamoja katikati ya 1858. Huko wafanyabiashara Waarabu, Snay bin Amir akiwa mmojawapo, waliwaeleza kuwa kaskazini kuna ziwa kubwa zaidi. Burton alikuwa hoi, akabaki. Julai Speke akaondoka bila yeye, akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, akapita upande wa Msalala, magharibi mwetu, na mapema Agosti akasimama mbele ya ziwa ambalo watu wa kwetu walilijua siku zote, akalipa jina la malkia wake. Mwaka uliofuata, Mei 1859, alitangulia London na kwenda kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia kabla mwenzake hajafika. Burton alishikilia kwamba waliahidiana kusubiriana. Hawakupatana tena. Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo ambao ungewakutanisha mjini Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Mdogo wangu alisikiliza yote. Akauliza, "Kwa nini hakumsubiri apone?"

Nikamjibu kama ninavyojibu darasani. Kwamba Speke alikuwa na afya na mwenzake alikuwa mgonjwa, kwamba vifaa vilikuwa vinakwisha, kwamba ziwa lilikuwepo kweli na aliposema ndilo chanzo cha Nile alikuwa sahihi.

"Lakini walitoka wote," akasema.

Siku chache baadaye mama mdogo akalazwa, na mdogo wangu akatakiwa kwenda kumuuguza. Jioni ya kuamkia safari tulicheza. Akachomoa chaja ya kompyuta ili apate sehemu ya kuchajia simu yake, tukasahau, betri ikaisha, skrini ikawa nyeusi tukiwa katikati ya sayari ya mwisho. Tuliiwasha tena. Hakuna kilichopotea, maana gemu hili hujisevu lenyewe kila baada ya muda. Tulikagua sote wawili? Hapana, nilikagua mimi, yeye alikuwa tayari amekwenda kufunga mzigo. Alipopita sebuleni aliniambia, "Kaka, usimalize bila mimi." Nikamwambia, "Nitamalizaje peke yangu?"

Nilimaliza peke yangu. Kesho yake usiku niliwasha nikijiambia natazama tu tulipofikia. Nikasogea kidogo. Nikafungua mlango mmoja tuliokuwa tumeshindwa, nikaona njia, nikaifuata. Skrini haikugawanyika tena, ilikuwa nzima, kubwa, yangu. Sikuwa na kiu ya kujua hadithi inaishaje. Nilitaka kuwa wa kwanza. Nataka niliseme hilo wazi, kwa sababu baadaye nilijitafutia sababu nyingine nyingi: usingizi haukuja, nilikuwa na wasiwasi juu ya mama mdogo, likizo ilikuwa inakwisha. Mdogo wangu alikuwa hospitalini, amelala sakafuni chini ya kitanda cha mama yake, na mimi nilikuwa ninaharakisha ili nimalize kabla hajarudi.

Aliporudi, mama yake akiwa nafuu, alioga, akala, akaja kukaa mahali pake. Akashika pedi. Ningeweza kumwambia. Angekasirika, angeninunia siku mbili, tungeanza upya. Badala yake nikasema, "Gemu limekufa. Siku ile kompyuta ilipozima ghafla, faili liliharibika."

Sikumtaja. Sikuwa na haja ya kumtaja. Nilimwona anakumbuka chaja.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyechomoa." Akapiga magoti, kama binti wa kwetu anavyopiga magoti mbele ya mkubwa, akaniomba radhi. Akauliza kompyuta yenyewe ni nzima au imeharibika pia, na kutengeneza ni shilingi ngapi, kwa sababu pesa yake ya pamba itatoka na anaweza kunipa. Bibi akaingia kati, akasema hata mpunga upo, tutauza. Nami, mbele yao wote wawili, nikasema, "Acheni tu. Bahati mbaya. Nimeshasamehe."

Nimekaa na sentensi ile kwa muda mrefu. Kumaliza gemu ni tamaa, na uongo wa kwanza ni woga. Ila msamaha ule niliutoa kwa sauti nzuri, kwa utulivu, nikiwa nimeketi na yeye yuko chini. Mtu anayekusamehe kwa kosa lako anakupunguzia mzigo. Mimi nilimtwisha wangu, nikamfunga kamba vizuri usidondoke, kisha nikapokea shukrani. Bibi aliwasimulia wanawake wenzake jinsi mjukuu wake mwalimu alivyo na moyo, kitu cha gharama kimeharibiwa na wala hakupaza sauti. Mjomba alinipongeza kwenye simu.

Niliporudi kazini nilianza kusikia yaliyofuata. Kompyuta ya shuleni kwao hakutaka kuigusa. Walipopangwa zamu za kujifunza kuandika, alimpisha mwenzake. Mama mdogo alinieleza kama jambo la kuchekesha: binti yako anaogopa mashine, anasema mkono wake una mkosi. Nilicheka naye kwenye simu. Baada ya kukata sikuweza kula.

Desemba nilirudi Ziba. Nilikuwa nimepanga maneno, na yote yalinitoka kichwani nilipomwona. Nikaifungua kompyuta mbele yake, nikamwonyesha faili likiwa zima, nikasema, "Hukuharibu chochote. Nilimaliza ulipokuwa hospitalini, kisha nikakudanganya." Alilitazama faili kwa muda. Hakuuliza mwisho wake ukoje. Aliuliza jambo moja: "Bibi anajua?"

Nikasema hapana.

"Kamwambie."

Nikaenda nikamwambia, jikoni, yeye akiwa amesimama mlangoni anasikiliza ili ahakikishe nasema yote. Niliposema faili halikufa, bibi aliendelea kuchochea uji. Niliposema nilimwacha mtoto apige magoti, aliacha. Alisema kumdanganya mtoto ni jambo moja, lakini kukubali magoti yake ni jambo jingine, na akanitaka nipige magoti mimi, pale pale, mbele ya mdogo wangu. Kwa desturi zetu mkubwa hampigii mdogo magoti. Nilipiga. Mdogo wangu aligeuza uso, akaniambia niinuke, kwamba hataki kuniona hivyo. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Tumeanza gemu upya, kwa masharti yake. Faili ni lake, pedi ya kwanza ni yake, na kompyuta nimeiacha Ziba, inalala chumbani kwa bibi. Ninapokwenda likizo tunacheza, ameshanipita mbali kwa wepesi, na EKO akiongea bado ananiuliza kasemaje, ingawa siku hizi ananitazama usoni ninapomjibu.

Lipo ambalo sijaweza kulirekebisha. Kila anapozima kompyuta ananiita. "Kaka, njoo uone, nimezima vizuri." Nimemwambia haina haja, nimemwambia hakuwahi kukosea, bibi pia amemwambia. Anaelewa, anaitikia, na kesho yake ananiita tena. Nami huenda kila anaponiita.